Mayai ya Kituruki kwa Yogati na Siagi: Somo la Joto na Protini

Katika nchi ya Uturuki kuna chakula kiitwacho çılbır, jina ambalo hutamkwa takriban "chilbir". Chakula hiki hutengenezwa kwa vitu vichache: mayai, yogati, kitunguu saumu, siagi na pilipili nyekundu. Mayai hupasuliwa na kutoswa katika maji ya moto bila ganda. Yakiisha kuiva hulazwa juu ya yogati iliyochanganywa na kitunguu saumu, kisha humwagiwa siagi ya moto iliyokolezwa pilipili. Huliwa pamoja na mkate.

Anayejifunza kupika çılbır hupewa makatazo matatu. Maji ya kutosea mayai yasitokote kwa nguvu. Yogati isitiwe motoni. Pilipili isitiwe katika siagi ingali juu ya moto mkali. Mpishi hodari huyafuata makatazo haya kwa mazoea, pengine bila kuuliza sababu. Mwanafunzi wa sayansi, hata hivyo, hana budi kuuliza. Akichunguza ataona kwamba makatazo yote matatu yana asili moja, nayo ni hii: kila sehemu ya chakula hiki ina mpaka wake wa joto, na mpaka huo hutokana na maumbile ya molekuli zilizomo. Madhumuni ya makala haya ni kueleza mipaka hiyo, na kuonyesha jinsi inavyoweza kupimwa katika maabara ya shule kwa vifaa vya kawaida.

ASILI YA CHAKULA HIKI

Yogati ni chakula cha zamani sana miongoni mwa watu wasemao lugha za Kituruki. Mahmud al-Kashgari, aliyetunga kamusi kubwa ya lugha hizo kwa Kiarabu mjini Baghdad katika miaka ya 1070, aliliingiza neno yoğurt katika kamusi yake. Neno hilo lina uhusiano na kitenzi chenye maana ya kukanda au kufanya kitu kiwe kizito. Kutoka Kituruki neno hilo liliingia katika lugha nyingi za Ulaya, na kwa njia hiyo likafika katika Kiswahili cha leo kama yogati.

Pilipili nyekundu, kwa upande mwingine, ni mgeni. Mmea wa pilipili hoho na pilipili kali asili yake ni bara la Amerika, na haukujulikana Asia, Ulaya wala Afrika kabla ya safari ya Christopher Columbus ya mwaka 1492. Kwa hiyo, hata kama desturi ya kula mayai kwa yogati ni ya kale zaidi, siagi nyekundu inayoonekana juu ya çılbır ya leo haiwezi kuwa na umri unaozidi miaka 500 na kidogo. Huu ni mfano mzuri wa jinsi elimu ya mimea inavyomsaidia mwanahistoria kukadiria umri wa desturi. Siku hizi miji ya Kahramanmaraş na Şanlıurfa, iliyoko kusini mashariki mwa Uturuki, ni mashuhuri kwa pilipili zake. Pilipili hizo hukaushwa na kusagwa kwa ukwaru, zikabaki kama vipande vidogo vidogo.

MPAKA WA KWANZA: YAI

Ute wa yai la kuku una maji kiasi cha asilimia 88. Sehemu iliyobaki karibu yote ni protini. Kiini ni tofauti: nusu yake hivi ni maji, karibu theluthi moja ni mafuta, na sehemu ya sita hivi ni protini.

Protini ni minyororo mirefu iliyojengwa kwa asidi-amino. Katika ute mbichi kila mnyororo umejikunja ukawa kama donge dogo la uzi, na madonge hayo huelea ndani ya maji bila kushikana. Ndiyo maana ute mbichi humwagika na mwanga hupita ndani yake. Joto linapopanda, molekuli hutikisika kwa nguvu zaidi. Vifungo dhaifu vinavyolishikilia donge hukatika, na mnyororo hukunjuka. Minyororo iliyokunjuka hukutana, hunasana, na kufanya wavu unaoyakamata maji. Wavu huo hutawanya mwanga, na kwa hiyo ute hugeuka kuwa mweupe. Jambo la kutia maanani ni kwamba maji hayakuondoka. Yai lililoiva lina maji karibu yote liliyokuwa nayo lilipokuwa bichi, lakini sasa yamefungwa ndani ya wavu.

Si protini zote za ute zinazokunjuka kwa joto moja. Ile iitwayo ovotransferini, ambayo ni kiasi cha asilimia 12 ya protini za ute, huanza kuganda kwenye nyuzi 62 za Sentigredi hivi. Ovalbumini, ambayo ni zaidi ya nusu ya protini zote za ute, hustahimili mpaka karibu nyuzi 80. Kiini huanza kuwa kizito kwenye nyuzi 65, na kwenye nyuzi 70 hushikana. Kutokana na tarakimu hizo mtu angeweza kudhani kwamba haiwezekani kupata yai lenye ute ulioganda na kiini cha majimaji, kwa kuwa ovalbumini inahitaji joto kubwa kuliko kiini. Lakini yai halipati joto kwa mara moja. Joto huingia kutoka nje, na ute ndio unaokutana na maji kwanza. Yai likitoswa katika maji ya nyuzi 85, ute wa nje huganda haraka wakati kiini kingali na joto la chini. Kumtoa yai baada ya dakika tatu au nne ni kuusimamisha mwendo huo wa joto kabla haujafika katikati.

Sasa sababu ya katazo la kwanza ni dhahiri. Maji yanayotokota kwa nguvu huutawanya ute kabla haujaganda, na mpishi hubaki na nyuzinyuzi nyeupe zinazoelea juu ya sufuria. Zaidi ya hayo, joto likizidi mno wavu wa protini hujikaza na kuyakamua maji yake, na ute huwa mgumu kama mpira. Maji ya nyuzi 82 hadi 90 yanatosha. Asiye na kipimajoto ayaangalie maji yenyewe: yawe yanatetema, viputo vidogo vikishikamana na chini ya sufuria, lakini uso wa maji usichafuke.

Hapa kuna jambo la kuzingatiwa na shule zilizoko nyanda za juu. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 mahali palipo usawa wa bahari, kama vile Istanbul au Dar es Salaam. Kwa kila meta 300 za kupanda mlima, kiwango hicho hupungua kwa nyuzi 1 hivi. Katika mji wa Erzurum, ulioko mashariki mwa Uturuki kwenye kimo cha meta 1,900 hivi, maji huchemka karibu na nyuzi 94, na hali ni karibu hiyo hiyo Nairobi na Mbeya. Kwa hiyo maneno "maji yaliyochemka" hayana maana moja kila mahali, ilhali nyuzi 85 ni nyuzi 85 popote. Hii ni sababu mojawapo ya wanasayansi kupendelea kipimo kuliko maelezo.

Kuganda kwa protini kuna faida nyingine isiyoonekana kwa macho. Mwaka 1998 watafiti nchini Ubelgiji walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa watu wachache. Ilionekana kwamba mwili ulimeng'enya kiasi cha asilimia 91 ya protini ya mayai yaliyopikwa, lakini asilimia 51 tu ya protini ya mayai mabichi. Mnyororo uliokunjuka hufikiwa kwa urahisi zaidi na vimeng'enya vya tumbo na utumbo. Tena, joto hudhoofisha protini fulani za ute mbichi ambazo huzuia kazi ya vimeng'enya hivyo. Kwa hiyo imani kwamba yai bichi lina nguvu kuliko lililopikwa haiungwi mkono na uchunguzi huo.

SIKI, CHUMVI NA UMRI WA YAI

Wapishi wengi hutia siki kidogo katika maji ya kutosea mayai. Ute wa yai ni wa alikali: yai bichi linapotagwa ute wake huwa na pH ya 7.6 hadi 7.9. Katika hali hiyo protini zake nyingi hubeba chaji hasi ya umeme, na kama ijulikanavyo, chaji za aina moja husukumana. Asidi ya siki hupunguza chaji hizo. Protini zisiposukumana hukaribiana kwa urahisi, na kuganda huanza mapema. Chumvi nayo husaidia kiasi, kwani ayoni zake hufunika chaji za protini. Lakini siki ikizidi, uso wa yai huwa mkavu na wenye mikunjo, na ladha yake hubaki. Kijiko kimoja cha mezani kwa lita moja ya maji kinatosha.

Hata hivyo, siki haiwezi kufanya kazi ya yai jipya. Ganda la yai lina maelfu ya matundu madogo sana. Kadiri siku zinavyopita, gesi ya kaboni dayoksaidi iliyomo katika ute hutoka kupitia matundu hayo, na pH ya ute hupanda hata kupita 9. Ute mzito unaokizunguka kiini hulegea ukawa mwepesi kama maji. Yai la namna hiyo likipasuliwa katika sahani huenea, na likitoswa majini hutawanyika. Mwaka 1937 Mmarekani Raymond Haugh alitunga kipimo cha ubora wa yai kinachotegemea uzito wa yai na kimo cha ute mzito baada ya yai kupasuliwa juu ya ubao bapa, na kipimo hicho kingali kikitumika katika biashara ya mayai. Kama yai si jipya sana, njia bora ni kulipasua juu ya chujio dogo kwa sekunde chache. Ute mwepesi utachuruzika, na ute mzito utabaki pamoja na kiini.

MPAKA WA PILI: YOGATI

Yogati nayo ni protini iliyoganda, lakini haikugandishwa kwa joto. Iligandishwa kwa asidi.

Karibu asilimia 80 ya protini ya maziwa ya ng'ombe ni kaseini. Kaseini imejikusanya katika vidonge vidogo visivyoonekana kwa macho, vyenye chaji hasi inayovifanya visukumane. Maziwa mabichi yana pH ya 6.6 hivi. Katika utengenezaji wa yogati, maziwa hupashwa moto kwanza mpaka nyuzi 85 au 90. Kazi ya joto hili si kuua vijidudu tu. Protini za maji ya maziwa hukunjuka na kujishika kwenye vidonge vya kaseini, jambo linalofanya yogati iwe nzito na imara. Kisha maziwa hupozwa mpaka nyuzi 43 hivi na kutiwa kijiko cha yogati ya zamani kama chachu.

Ndani ya chachu hiyo mna bakteria za aina mbili zinazopenda joto: Lactobacillus bulgaricus na Streptococcus thermophilus. Ya kwanza ilitambuliwa mwaka 1905 na Stamen Grigorov, mwanafunzi wa udaktari kutoka Bulgaria aliyekuwa akisoma mjini Geneva. Bakteria hizi husaidiana. Moja huvunja protini na kumpatia mwenzake asidi-amino, na huyo mwingine hutoa asidi ya fomiki na kaboni dayoksaidi ambazo zamfaa wa kwanza. Zote mbili hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi ya laktiki. Baada ya saa chache pH hushuka mpaka karibu 4.6. Hapo chaji za kaseini huwa zimetoweka, vidonge huacha kusukumana, na wavu hufumwa.

Kwa hiyo sahani ya çılbır huonyesha tukio moja kwa njia mbili. Katika yai protini zimeungana kwa sababu joto limezikunjua. Katika yogati zimeungana kwa sababu asidi imeziondolea chaji.

Wavu wa yogati ni dhaifu. Ukipashwa moto hujikaza, maji hukamuliwa, na yogati hukatika ikawa chembechembe zinazoelea katika maji ya kijani hafifu. Hii ndiyo sababu ya katazo la pili. Yogati ya çılbır haipikwi. Hutolewa mahali pa baridi mapema ili ifikie joto la chumba, isije ikayapoza mayai. Mayai nayo hukaushwa juu ya kitambaa safi kabla ya kulazwa juu yake, ili maji yasiifanye yogati kuwa nyepesi.

Waturuki hupenda kutumia yogati iliyochujwa kwa kitambaa, ambayo huiita süzme. Mtindi wa kienyeji wa Afrika Mashariki mara nyingi huganda kwa joto la kawaida la chumba na kwa bakteria za aina nyingine, hivyo huwa mwepesi zaidi. Unaweza kutumika endapo utachujwa kwa kitambaa safi kwa muda wa saa mbili au zaidi.

MPAKA WA TATU: SIAGI NA PILIPILI

Siagi si mafuta matupu. Mafuta ni kiasi cha asilimia 80, maji ni kiasi cha asilimia 16, na sehemu ndogo iliyobaki ni protini, sukari na madini ya maziwa. Siagi inapoyeyuka katika kikaango huanza kuchachatika na kutoa povu. Mlio huo ni maji yanayochemka. Maadamu maji yangalipo, joto la siagi hukaa karibu na nyuzi 100, kwa kuwa nguvu ya moto hutumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Mlio unapofifia maji yamekwisha, na tangu hapo joto hupanda kwa haraka. Protini na sukari za maziwa hubadilika rangi kuwa kahawia na kutoa harufu nzuri kama ya njugu, kutokana na mmenyuko uliotangazwa na Mfaransa Louis Camille Maillard mwaka 1912. Baada ya hapo huungua. Watengenezaji wa samli wanaijua alama hii vizuri, maana samli ni siagi iliyochemshwa mpaka maji yake yakaisha. Sikio la mpishi hapa hufanya kazi ya kipimajoto.

Pilipili hutiwa katika siagi kwa sababu ya elimu ya myeyuko. Rangi nyekundu ya pilipili hutokana na kapsanthini na jamii yake ya karotenoidi, na ukali wake hutokana na kapsaisini. Vitu hivi huyeyuka vizuri katika mafuta, lakini kwa shida katika maji. Pilipili ikitiwa katika maji hubaki vipande vinavyoelea, bali ikitiwa katika mafuta ya moto huitoa rangi yake yote kwa muda wa sekunde chache. Lakini pilipili iliyosagwa ni nyembamba na ina sukari. Katika siagi iliyopita joto huungua mara moja, ikawa nyeusi na chungu. Ndiyo maana kikaango huondolewa motoni kwanza, husubiriwa kidogo, kisha pilipili hutiwa.

Mtu anaweza kuuliza: je, siagi ya nyuzi 110 haitaikata yogati? Hesabu ndogo yatosha kujibu. Tuseme mna gramu 30 za mafuta yenye nyuzi 110, na gramu 300 za yogati yenye nyuzi 25. Gramu moja ya mafuta huhitaji jouli 2 hivi ili kupanda nyuzi moja, na gramu moja ya yogati huhitaji jouli 3.6 hivi. Vikichanganywa vyote, na joto la mwisho likiitwa J:

30 × 2 × (110 − J) = 300 × 3.6 × (J − 25)

Kwa hiyo J ni nyuzi 29.5 hivi. Yogati yote ingepanda chini ya nyuzi 5. Mafuta yana joto kali, lakini kiasi cha joto yaliyobeba ni kidogo. Wanafunzi wengi huchanganya mambo haya mawili, na mfano huu unayatenganisha waziwazi.

Kuna joto jingine ambalo kipimajoto hakilioni. Mwaka 1997 watafiti walioongozwa na David Julius huko California walitambua kipokezi katika mishipa ya fahamu ambacho huamshwa na kapsaisini. Kipokezi hicho hicho huamshwa na joto linalozidi nyuzi 43 hivi. Kwa hiyo mtu asemapo kwamba pilipili "inaunguza", ubongo wake kwa hakika unapokea habari ya moto, ijapokuwa hakuna moto. Julius alishiriki Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2021 kwa uvumbuzi huo. Maji hayaondoi ukali wa pilipili kwa sababu hayaiyeyushi kapsaisini. Kaseini na mafuta ya yogati huichukua, na mdomo hupata nafuu.

UTARATIBU WA KUPIKA

Kwa watu wawili huhitajika mayai mapya 4, yogati nzito gramu 300, punje 1 ya kitunguu saumu, siagi gramu 40, pilipili nyekundu ya kusagwa kijiko kidogo 1, siki kijiko cha mezani 1, na chumvi kiasi.

1. Kitunguu saumu hupondwa pamoja na chumvi kidogo na kuchanganywa na yogati. Mchanganyiko hugawanywa katika sahani mbili na kuachwa ufikie joto la chumba.

2. Lita moja ya maji hupashwa moto katika sufuria pana mpaka yatetemeke. Siki hutiwa.

3. Kila yai hupasuliwa katika kikombe peke yake. Kikombe huinamishwa karibu kabisa na uso wa maji, na yai huachiwa lizame taratibu. Mawili kwa wakati mmoja yatosha, kwani mayai mengi huyapoza maji.

4. Baada ya dakika tatu au nne yai huopolewa kwa kijiko chenye matundu na kukaushwa juu ya kitambaa.

5. Siagi huyeyushwa mpaka mlio wake ufifie. Kikaango huondolewa motoni, na baada ya nusu dakika pilipili hutiwa na kukorogwa.

6. Mayai hulazwa juu ya yogati, siagi humwagwa juu yake, na chakula huliwa papo hapo.

TAHADHARI YA AFYA

Kiini cha majimaji ndicho kinachopendwa katika çılbır, nacho ndicho chenye hatari. Bakteria ziitwazo Salmonella huweza kuwamo ndani ya yai lenye ganda safi lisilo na ufa, kwa sababu aina mojawapo huingia yai likiwa bado ndani ya kuku, kabla ganda halijaumbwa. Katika miaka ya 1980 ugonjwa ulioletwa na aina hiyo ulienea sana Ulaya na Marekani, na mayai ndiyo yaliyokuwa njia yake kuu. Kuosha ganda hakuwezi kuondoa kilichomo ndani.

Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kipikwe mpaka katikati yake pafikie nyuzi 70. Kiini kinachomiminika hakijafika hapo, maana kwenye nyuzi 70 kiini hushikana. Hivyo sheria ya ladha na sheria ya usalama zinapingana, na uchaguzi huo haupasi kufanywa bila kujua. Watoto wadogo, wajawazito, wazee na wagonjwa wapewe mayai yaliyopikwa mpaka kiini kimeshikana kabisa, hata ikibidi yakae majini muda wa maradufu. Mahali ambapo kuku hawachanjwi dhidi ya Salmonella, au ambapo asili ya mayai haijulikani, ni busara kila mtu afanye vivyo hivyo. Yogati, siagi na pilipili havitapungukiwa na chochote.

MAJARIBIO YA DARASANI

Vitu vitakavyotumika katika maabara visiliwe, na vyombo vya maabara visitumike kupikia.

Jaribio la kwanza: kuganda kwa ute. Wanafunzi watie ute kidogo katika mrija mmoja wa majaribio na kiini kidogo katika mrija mwingine. Mirija yote miwili isimamishwe katika bika la maji pamoja na kipimajoto. Maji yapashwe moto polepole, na kila baada ya nyuzi 2, kuanzia nyuzi 54 hadi 84, waandike hali ya ute na ya kiini katika jedwali. Waangalie ni lini ute unapoteza uangavu, lini unaacha kumiminika, na lini unakuwa mgumu.

Jaribio la pili: kazi ya asidi na chumvi. Bika tatu zitiwe maji yenye joto moja la nyuzi 80. Moja liachwe maji matupu, la pili litiwe chumvi, na la tatu litiwe siki. Katika kila moja kidondoshwe kijiko kidogo cha ute wa yai moja. Wanafunzi walinganishe kasi ya kuganda na kiasi cha nyuzinyuzi zilizotawanyika. Mwalimu asisitize kwamba joto, kiasi cha ute na umri wa yai havina budi kuwa sawa katika bika zote, la sivyo jaribio halithibitishi lolote.

Jaribio la tatu: myeyuko wa rangi. Pilipili iliyosagwa itiwe katika mirija miwili, mmoja una maji na mwingine una mafuta ya kupikia yasiyo na rangi, yote miwili katika maji ya nyuzi 60. Baada ya dakika tano wanafunzi wachore na kueleza walichokiona. Wanawe mikono kabla ya kugusa macho.

MASWALI

1. Yai lililoiva haliwezi kurudi kuwa bichi likipozwa, lakini siagi iliyoyeyuka hurudi kuganda. Eleza tofauti kati ya mabadiliko haya mawili.

2. Mpishi wa Erzurum na mpishi wa Istanbul wametosa mayai katika maji ya nyuzi 85 kwa dakika nne. Je, mayai yao yatatofautiana? Na kama wote wawili wangeyachemsha mayai yenye ganda katika maji yanayotokota?

3. Kwa kutumia mlinganyo uliotolewa juu, tafuta joto la mwisho endapo siagi itakuwa na nyuzi 150 na yogati gramu 100 tu. Jibu lako linaeleza nini juu ya kiasi cha yogati kinachofaa?

4. Mtu amesema kwamba siki "huliivisha" yai. Tumia maarifa ya protini na chaji kupima usahihi wa kauli hiyo, kisha ueleze kwa nini yai lililogandishwa kwa asidi peke yake halihesabiwi kuwa salama.